Motokaa ya Injini na Betri: Je, Yafaa kwa Mji wa Goma?

Motokaa za namna mpya zimeenea katika miji ya jirani zetu. Mtu asimama kando ya barabara kule Kigali; motokaa yaja, yapunguza mwendo, yasimama penye taa nyekundu, na injini yake i kimya kabisa. Adhani imezimika, amwonea huruma dereva. Kumbe, taa ikigeuka kuwa ya kijani, motokaa yaondoka taratibu kama mtumbwi uliosukumwa kutoka ufukoni, bila ngurumo wala moshi, na baada ya hatua kadhaa ndipo injini yasikika ikiamka. Hiyo ndiyo motokaa iitwayo haibridi.

Huko Nairobi, madereva wengi wachukuao abiria kwa kuitwa kwa simu hupenda Toyota Prius na ndugu yake mdogo, Aqua, kwa sababu ya petroli wanayoibakiza. Kampala nako zimo. Serikali ya Rwanda kwa miaka michache ilizisamehe kodi, watu wakazinunua kwa wingi. Ndipo mwaka 2025 ikarudisha kodi, ikiipima kwa umri wa motokaa, nzee ikilipa zaidi ya changa. Goma haiko mbali na hayo yote. Ukivuka Grande Barrière umekwisha kufika Gisenyi. Katika mji wetu motokaa za petroli tupu zingali nyingi zaidi, na wamotari wanawazidi wote, lakini kitu kinachopendwa ng'ambo ya mpaka hakikawii kutufikia, na mtu mwenye akiba ya miaka mingi mkononi ataulizwa na muuzaji: "Kaka, kwa nini usichukue haibridi?" Inafaa ajue anachouziwa.

Jina lenyewe latoka katika Kilatini. Warumi wa kale waliliita hybrida zao la nguruwe wa nyumbani na nguruwe wa mwitu. Sisi twamfahamu zaidi nyumbu, mwana wa punda na farasi, na wakulima wanajua mahindi mahuluti. Motokaa hii nayo ina wazazi wawili: injini ya petroli upande mmoja, na mota ya umeme yenye betri kubwa upande wa pili. Hata jina Prius ni Kilatini, maana yake "kabla" au "mbele", na wanafunzi wa seminari watalitambua mara moja.

Wasomaji wasidhani kuwa wazo hili ni la jana. Mwaka 1900, huko Vienna, kijana mhandisi aitwaye Ferdinand Porsche aliunda gari ambalo injini yake ya petroli haikuzungusha magurudumu. Kazi yake ilikuwa kuzungusha dinamo tu, na umeme wa dinamo ndio uliozungusha magurudumu. Aliliita Semper Vivus, yaani "hai siku zote". Vichwa vingi vya treni vya dizeli vimefuata njia hiyohiyo mpaka leo: dizeli huzaa umeme, umeme huvuta mabehewa. Ila katika motokaa ndogo wazo hilo lililala muda mrefu, kwa kuwa petroli ilikuwa rahisi na betri zilikuwa nzito mno. Toyota walianza kuiuza Prius nchini Japani mnamo Desemba 1997, na nchi nyingine mwaka 2000. Watu wengi waliicheka. Kufikia Januari 2017 Toyota walikuwa wamekwisha kuuza haibridi milioni 10 duniani, na miaka mitatu baadaye milioni 15.

Breki ya chukudu

Siri ya motokaa hii ni breki zake, na hapo mtu wa Goma ana mwalimu mzuri kuliko vitabu, yaani chukudu. Kila asubuhi vijana hushuka kutoka Kibumba na Kibati wakiwa na magunia ya makaa, viazi na kabichi juu ya mti huo wa magurudumu mawili, mzigo wa kilo mia kadhaa. Mji umewaheshimu kwa kuwasimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu penye mzunguko wa barabara. Mtelemko ukiwa mkali, kijana hukanyaga kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Mpira wasugua, wapata moto, watoa harufu, na baada ya safari nyingi wala kwisha. Akifika bondeni na kukuta kilima kingine, hana msaada: atasukuma kwa kifua chake mwenyewe.

Fikiri sasa. Nguvu ya ule mteremko ilikwenda wapi? Haikupotea hewani kwa uchawi. Iligeuka kuwa joto ndani ya kipande cha mpira, na joto lile halirudi tena kumsukuma kijana. Motokaa ya kawaida hufanya vilevile. Imechoma petroli ili ipate mwendo. Dereva akikanyaga breki, mwendo wote huo wageuka kuwa joto katika vyuma vya breki. Akiondoka tena, achoma petroli nyingine ili apate mwendo uleule aliokuwa nao nusu dakika iliyopita. Katika mji ambamo husimama kila hatua mia kwa ajili ya motari, mbuzi, mashimo na askari wa barabara, hasara hiyo ni kubwa ajabu.

Haibridi yafanya kwa namna nyingine. Wanafunzi wamekwisha kujifunza kuwa mota ya umeme na dinamo ni ndugu mmoja: ukiipa umeme, yazunguka, ukiizungusha kwa nguvu, yatoa umeme. Basi dereva anapogusa breki, magurudumu yaanza kuizungusha mota, mota yageuka dinamo, na umeme wake waingia katika betri. Kazi ya kuzungusha dinamo ndiyo inayopunguza mwendo. Breki za vyuma zipo, nazo hushika wakati wa hatari au mwishoni mwendo ukiwa mdogo, lakini siku nyingi hupumzika. Ndiyo sababu hukaa miaka mingi bila kubadilishwa. Dereva akiondoka tena, betri yarudisha ule umeme, na motokaa yaenda hatua za kwanza kwa nguvu iliyookolewa penye kusimama.

Tusitie chumvi hapa. Si nguvu yote inayorudi. Chukua motokaa ya kilo 1,400 ikishuka kimo cha mita 300: nguvu ya mteremko ule yatosha kuwasha pasi ya umeme ya wati 1,000 kwa saa moja na zaidi kidogo. Sehemu huliwa na upepo na matairi. Tena betri ya Prius ni ndogo. Yote pamoja yaweza kushika kama saa moja na robo ya pasi ile, na kompyuta ya motokaa hairuhusu kutumia hata nusu yake, isije ikachoka mapema. Basi katika mteremko mrefu betri yajaa kabla ya kufika chini, na kinachozidi kinapotea. Hapo dereva mwenye akili huweka mkono wa gia kwenye herufi B, ili injini yenyewe izuie mwendo badala ya kuunguza breki. Wengi hawajui herufi ile ni ya nini, na wengine hudhani ni ya "breki ya mkono".

Ndani ya motokaa

Katika Prius mna mota mbili za umeme na injini moja ya petroli. Zote zimeunganishwa na seti ya magurudumu ya meno yaliyopangwa kama jua na sayari zake: moja katikati, madogo yakizunguka kando yake, na pete kubwa nje. Injini imeshika yale madogo, mota ya kwanza imeshika jua, mota ya pili na magurudumu ya barabarani yameshika pete. Kwa mpango huu kompyuta yaweza kugawa nguvu ya injini ipendavyo, sehemu kwa magurudumu, sehemu kwa betri, bila dereva kubadilisha gia hata moja. Hakuna klachi. Hakuna stata ya kawaida wala dinamo ya kawaida, kwa maana mota zile mbili hufanya kazi zote hizo.

Faida ya mpango huo ni kwamba injini hufanya kazi pale tu inapofaa. Injini ya petroli ni mvivu ikienda polepole: hula sana na kutoa kidogo. Katika haibridi, mwendo mdogo ni kazi ya umeme. Injini huamka motokaa inapohitaji nguvu, hufanya kazi vizuri, kisha hulala tena. Katika Nissan Note ya namna iitwayo e-Power, iliyotoka Japani mwaka 2016, wamerudi kabisa kwa wazo la Porsche: injini ni ya kuzaa umeme tu, haigusi magurudumu kamwe.

Jambo moja watu huchanganya sana. Haibridi hizi hazichomekwi ukutani. Umeme wao wote watoka katika petroli na katika breki. Kwa Goma jambo hili si dogo. Ni kweli kwamba tangu kituo cha Matebe kilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2015, maji ya mito ya Virunga yameleta taa katika nyumba nyingi mjini. Lakini vita vilipofika mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme ulikatika, na maji ya bomba pamoja nao. Motokaa ya umeme mtupu ingesimama uani ikingoja waya itengenezwe. Haibridi ingehitaji petroli tu, hata ile ya chupa za kando ya njia kwa wale watu waitao kadhafi.

Na petroli yenyewe? Katika vipimo rasmi vya Marekani, Prius ya miaka ya 2010 hadi 2015 ilikunywa karibu lita 5 kwa kilomita 100; Toyota Corolla ya wakati huo, zaidi kidogo ya lita 8. Katika mawe ya Goma zote mbili zitakunywa zaidi. Hata hivyo tukadirie tofauti ya lita 3. Dereva wa taksi aendaye kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, atabakiza lita 900. Kila baba wa nyumba aweza kuzidisha hesabu hiyo kwa bei ya lita ya leo. Ni ada ya shule ya watoto. Tena yule aishie mjini, akisimama na kuondoka, hufaidi kuliko yule aendaye moja kwa moja katika barabara ndefu, kwa maana penye breki chache hakuna cha kuokoa.

Ila motokaa hii ilizaliwa kwa ajili ya lami ya Japani. Tumbo la Prius liko sentimita 14 hivi tu juu ya ardhi, na katika mitaa iliyofunikwa na mawe ya Nyiragongo ya mwaka 2002 tumbo kama hilo litapigwa sana. Tena nyingi zitokazo Japani usukani wao uko mkono wa kuume, nasi hufuata upande wa kuume wa barabara. Dereva akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka ajitokeze mwili mzima. Hayo mnunuzi huyaona kwa macho. Kuna jambo jingine asiloliona.

Deni lililofichwa

Nyuma ya kiti cha abiria cha Prius, chini ya zulia, kuna sanduku la chuma. Ndani yake mna vipande 28 vya betri vilivyofungwa safu moja, kila kimoja cha volti 7.2, jumla volti 201.6. Hiyo ndiyo betri kubwa. Katika Prius za zamani zaidi ya hizi mpya imetengenezwa kwa nikeli, na katika nyingi za siku hizi kwa lithiamu. Bila betri hiyo Prius haiendi hata ikiwa na tangi tele, kwa sababu hakuna kingine cha kuiamsha injini.

Betri huzeeka. Huko Marekani Toyota walitoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwa betri za miaka ile. Nyingi huishi zaidi ya hapo, hata miaka 12 au 15, zikitunzwa. Sasa tazama njia ya motokaa kutoka Japani hadi kwetu. Kenya haipokei motokaa iliyozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imeweka mpaka wa miaka 15. Haibridi ya bei nafuu inayofika Afrika ya Mashariki, basi, mara nyingi imekwisha kula umri ule ambao aliyeitengeneza alithubutu kuuwekea sahihi. Mwenye kwanza aliokoa petroli miaka yote hiyo, kisha akaiuza kabla ya siku ya kulipia betri. Siku hiyo itamwangukia mnunuzi wa tatu au wa nne, naye ndiye mwenye akiba ndogo kuliko wote. Bei nzuri isimpendeze mtu kabla ya kuuliza habari za sanduku lile.

Betri iliyochoka ina dalili. Katika kioo cha dereva kuna picha ya betri yenye vistari. Katika betri nzima vistari hupanda na kushuka polepole. Katika betri mbovu hujaa haraka mno, kisha hushuka ghafula penye kilima kidogo. Injini huwaka karibu wakati wote. Feni nyuma ya kiti huvuma kwa nguvu. Mwisho taa ya pembetatu nyekundu huwaka. Wauzaji wasio waaminifu waweza kuizima taa hiyo kwa mashini asubuhi ya kuuza, nayo hurudi baada ya siku chache. Kwa hiyo asinunue mtu kwa kuizungusha uani. Aipande kilima kirefu, aishuke, huku akitazama vistari, tena fundi mwenye mashini ya kusoma kompyuta ya motokaa apime vipande vya betri viwili viwili, kwa maana kompyuta ya Prius hutoa hesabu 14. Jozi moja ikiwa chini ya wenzake, ugonjwa umekwisha kuanza. Fundi atasema aweza kubadilisha kipande kimoja tu, na ni kweli, aweza. Lakini kipande kigeni kati ya wazee 27 hakipatani nao, na baada ya miezi mwingine hufuata.

Mama mwenye nyumba asikilize na hili, kwa kuwa ni la bure. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna kidirisha chenye matundu. Watu hukiziba kwa kitenge, kwa mfuko wa viazi, kwa mtoto aliyelala. Kidirisha hicho ndicho pua ya betri: hewa ya baridi huingia pale. Kikizibwa, betri yapata joto na kufa kabla ya siku yake. Na vumbi letu jeusi la volkeno huingia humo na kuifunika feni. Yafaa isafishwe mara kwa mara. Betri zilizokufa kwa vumbi ni nyingi.

Waya za rangi ya machungwa

Mafundi wetu ni hodari. Wengi walijifunza kwa kutazama na kujaribu, na kwa injini za kawaida njia hiyo imewafaa. Kwa haibridi kujaribu kwaweza kuua. Volti 201 za betri hupandishwa na chombo kilicho chini ya boneti mpaka kufikia 650, kupita mara mbili umeme wa nyumbani, nao ni umeme wa mwendo mmoja. Waya zake zimepakwa rangi ya machungwa ili kila mtu azijue. Asiyejifunza asiziguse, asizikate, asizioshe kwa maji ya nguvu. Aliyejifunza huzima motokaa, huweka ufunguo mbali, huchomoa plagi ya usalama iliyo penye betri huku amevaa glovu za mpira za kazi hiyo, kisha hungoja dakika 10 ili umeme uliobaki katika vyombo utoke. Na baada ya kungoja hupima kwa mita kabla ya kugusa. Ndani ya vipande vya nikeli mna maji makali yanayochoma ngozi na macho, hivyo kuvipasua kwa nyundo ni wazimu.

Tena kuna ukimya ule tuliousifu. Mtoto wa Birere amefundishwa na masikio yake: akisikia ngurumo, arukia pembeni. Haibridi ikirudi nyuma katika uchochoro haimwambii kitu. Nchi za Ulaya zililiona jambo hilo, na tangu Julai 2021 kila haibridi mpya inayouzwa huko na kuweza kwenda kwa umeme mtupu sharti itoe sauti ya kuonya inapokwenda polepole. Nyingi za zile nzee zinazotufikia hazina sauti hiyo. Dereva apige honi kidogo, ashushe kioo, na mwendo wake kati ya nyumba uwe wa miguu.

Na betri ikifa kabisa, isichomwe takatakani wala kutupwa ziwani. Ndani yake mna nikeli na madini mengine ya bei, na katika zile za lithiamu aghalabu mna kobalti, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya ile ichimbwayo duniani hutoka nchini mwetu, katika Kolwezi na sehemu za jirani yake. Hata vile vyombo vidogo vya kompyuta ya motokaa hutumia tantali, ile ipatikanayo katika koltani kama ya Rubaya kule Masisi. Madini yalitoka hapa kwa mgongo wa mchimbaji, yakaenda ng'ambo, nayo yarudi Goma ndani ya motokaa kuukuu kwa bei ambayo mchimbaji yule hataiweza. Huko Japani, tangu mwaka 2010, Toyota hukusanya betri zilizokufa, huzifungua viwandani, na nikeli yake huingizwa katika betri mpya. Mwenye gereji wa Goma aliye na sanduku kama hilo aliweke zima, pakavu, mbali na watoto, mpaka apate mnunuzi wa madini anayejua kulifungua.